Jiwe la Juu, Kaburi la Chini

Juni 9

Mvua ya plamu, ile ndefu ya Juni na Julai, haijatangazwa, lakini ukuta wa jikoni umeshaanza kutoa jasho.

Leo imefika barua kutoka hekalu la Kazurajima. Mtawa anayehudumia kisiwa chetu anahudumia na visiwa vingine vitatu, na anaandika kwamba magoti yake hayapatani tena na ngazi zetu mia moja themanini na saba. Hekalu litafungwa joto likiisha. Kila mwenye kaburi aseme kabla ya Julai kwisha: anafunga kaburi lake na kuchukua mifupa ya watu wake, au anaiacha.

Nimempigia simu mwanangu Shuhei. Kazi yake ni kupanga ratiba za treni, na hata kwenye simu huongea kama mtu anayeona saa ukutani.

"Hili tulikuwa tunalitarajia, Baba. Niachie mimi."

Ameshapata mahali, hapa hapa Osaka, hatua chache kutoka kituoni. Ni jengo la ghorofa nane ambamo wafu hukaa kwenye makabati. Unagusisha kadi, kabati linakuja lenyewe mpaka mbele yako, unawasha udi, unaomba, kabati linarudi. Nilishapelekwa kuliona. Ni safi, na lina viyoyozi; majivu ya mke wangu, ambayo bado yako hapa nyumbani, yataingia humo pia.

Kuna jambo sikumwambia. Kisiwani kwetu kila ukoo ulikuwa na makaburi mawili. La juu, hekaluni, lina jiwe na majina, nalo ndilo la kuombea. La chini, ufukwe wa magharibi, halina jiwe wala jina. Huko ndiko miili ilikozikwa. Siku arobaini na tisa zikishapita, hakuna aliyerudi kule chini. Pakaachiwa nyasi na chumvi. Jiwe letu lina majina matano, la mwisho likiwa la mama yangu. Chini yake hakuna mtu.

Alipozikwa nilikuwa na miaka kumi na miwili. Najua, kwa sababu nilikuwapo.

Juni 12

Mvua. Nimesoma mpaka taa ikaanza kuniumiza macho. Sijamwambia Shuhei.

Juni 16

Wamekuja wote watatu: Shuhei, mkewe Kumiko, na Nagisa, mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja. Kumiko alifungua jokofu langu kabla hajavua koti la mvua.

"Baba, hii tofu ina tarehe ya mwezi uliopita."

"Nilikuwa naisubiri ikomae."

"Imeshakomaa. Imebaki kuoa tu."

Akaitupa. Ni mwanamke wa mikono myepesi. Miaka kumi na mitano nimekuwa nikidhani wepesi huo ni kukosa subira.

Shuhei alikuwa na fomu ya ofisi ya wilaya, ile ya kuomba kibali cha kuhamisha mabaki. Ameijaza kwa mwandiko ulionyooka kama reli. Mahali mabaki yalipo: kaburi la ukoo, hekaluni. Idadi: watano. Akaisukuma mbele yangu mezani.

"Isome, Baba. Wewe ndiye mwenye jicho."

Kwa miaka thelathini na minane nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Nilisoma vitabu vya watu kabla havijachapwa, nikitafuta makosa. Nimewahi kusimamisha mtambo kwa nukta moja. Leo nimesoma fomu ya kurasa mbili, nimeona kosa kwenye mstari wa tatu, na nimesema, "Iko sawa."

"Kweli?"

"Iko sawa."

Akauliza tena wakati wa kuondoka, amesimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi. Nikajibu vile vile.

Sababu ninazo, lakini nikijaribu kuziandika hapa zinapungua. Ya chini hayasemwi: ndivyo tulivyolelewa. Tena, Shuhei alipokuwa na miaka saba nilimpeleka kisiwani, akalimwagia maji lile jiwe, akalisemesha kwa muda mrefu, akamwambia bibi yake habari za meno yake yaliyong'oka. Ningemwambia nini siku ile? Na kama sikumwambia siku ile, nianzie wapi leo?

Juni 21

Idara ya hali ya hewa imetangaza kwamba mvua ya plamu imeanza. Viatu vyangu vilijua tangu Jumatatu.

Juni 23

Nilikwenda kwao kula. Kumiko alikuwa anashona vifuko vyeupe vya pamba, kila kimoja cha ukubwa wa viganja viwili, kwa mkono, ingawa cherehani iko pale pale nyuma yake. Nilimuuliza kwa nini haitumii.

"Nimeambiwa vya mifupa ni bora kushona kwa mkono. Sijui kama ni kweli, Baba. Lakini nikitumia cherehani, halafu ikawa ni kweli?"

Vilikuwa viwili tayari, bado vitatu. Cha kwanza kushonwa kilikuwa cha mama yangu. Alikuwa ameandika jina lake pembeni kwa penseli, taratibu, ili aje kulitia uzi.

Nilikula samaki. 

Juni 27

Ratiba ya Shuhei imefika kwa simu. Safari ni Julai 6. Kwa kuwa kisiwa kiko mbali na Nagisa hajawahi kukiona, ameamua iwe siku ya matembezi ya familia pia. Naiandika hapa kama ilivyo:

Saa mbili na dakika kumi, feri. Saa tatu na dakika tano, gati, kukodi vyombo vya usafiri. Saa tatu na dakika ishirini, shule ya zamani, ambayo sasa ni nyumba ya maonyesho. Saa nne na dakika tano, kichochoro cha paka. Saa tano kasoro dakika ishirini, hekalu na kaburi. Saa sita, wali wa pweza kwa shangazi Setsu. Saa saba na dakika kumi, bembea ya ufukwe wa magharibi. Saa nane, mnara wa taa. Saa tisa na dakika ishirini, aiskrimu ya zeituni. Saa kumi na dakika arobaini, feri.

Nimeusoma mara kadhaa mstari wa saa saba na dakika kumi.

Nilimpigia Setsu, binamu yangu, ambaye hajawahi kuhama. Ana miaka themanini na tisa.

"Bembea ipo," akasema. "Vijana waliotoka mjini wameijenga, wageni wanapiga picha. Wao hawakujua. Waliojua tulikuwa wanne, na wawili kati yetu hatusikii vizuri."

"Na wewe hukusema?"

"Nimwambie nani, Toku? Wewe umewaambia wako?"

Julai 1

Mvua siku ya nne. Kibali kimetoka.

Julai 5

Shuhei amepiga simu mara tatu: viatu visivyoteleza, dawa za shinikizo la damu, mwavuli wa pili. Mara ya tatu nilimwambia, "Shuhei, kuhusu kaburi." Akasema, "Fundi wa mawe amethibitisha, Baba. Mtawa pia. Usiwe na wasiwasi." Nikasema sawa.

Julai 7

Naandika asubuhi, juu ya jana. Magoti yamevimba lakini kichwa ni kizima.

Mvua ilikuwa ile ya manyunyu, ambayo haikulowanishi mpaka utakapoisahau. Kwenye feri Nagisa alihesabu visiwa. Alipofika kumi na tisa aliniuliza ni kipi chetu, nikashindwa kujibu haraka. Kutokea upande wa bara Kazurajima hufanana na visiwa vingine. Sisi tulikuwa tukikitazama kutoka baharini, upande wa pili.

Gatini Shuhei alichukua baiskeli mbili, na kigari kidogo cha umeme cha watu wawili, mimi nikakaa na Kumiko. Anaendesha kama anavyofungua majokofu.

"Baba, ukiogopa shika hapo."

"Siogopi. Naaga tu."

Shule ilikuwa na harufu ile ile, ya mbao na chaki iliyolowa. Darasa langu limejaa vitu ndani ya masanduku ya kioo. Kwenye sanduku moja kuna kandambili za majani makavu, na kikaratasi: "Viatu vya kazi za shambani." Si vya shambani. Kamba za kisigino hazikufungwa, na kandambili za namna ile zilivaliwa siku moja tu, na waliobeba jeneza kwenda ufukweni. Walizivua kule, wakaziacha, wakarudi peku kwa njia nyingine. Nagisa aliuliza kama nilivaa vile. Nikasema watoto tulienda peku siku zote, na hilo ni kweli.

Paka walikuwa wengi kuliko watu. Tulitumia dakika zao zote.

Saa tano kasoro dakika ishirini tulikuwa chini ya ngazi. Nilipanda kwa kusimama kila baada ya ishirini. Shuhei alikuja nyuma yangu, hakunishika, lakini kila nilipogeuka niliona mikono yake iko mbele kidogo, wazi, kama ya mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Hakunihimiza, na tulichelewa kwa dakika tisa.

Mtawa alikuwa amekaa barazani na kitambaa kichwani. Bwana Iwane, fundi wa mawe kutoka bara, alikuwa ameshafagia. Mtawa aliimba maneno ya kuitoa roho ndani ya jiwe, ili libaki jiwe tu. Udi ulikataa kuwaka kwa unyevu, Nagisa akauwasha kwa mara ya tano. Kumiko alishika sinia, na juu yake vifuko vitano vimekunjwa, kila kimoja na jina lake kwa uzi wa kijivu. Shuhei alivaa glavu nyeupe.

Fundi alisukuma jiwe la mbele kwa mtaimbo. Akamulika tochi. Akainama zaidi, akaingiza mkono mpaka begani, akautoa.

"Udongo tu," akasema.

Shuhei aliinama na yeye. "Hakuna hata kimoja?"

"Mifupa ya zamani huyeyuka, bwana. Udongo wa huku ni mkali, na unyevu huu. Naliona hili mara nyingi. Watu huchukua udongo kidogo wa pale pale. Unatosha, hakuna atakayewalaumu."

Mtawa alinitazama. Kisha akaanza kufunga kitabu chake, polepole, akinipa muda ambao sikuutumia.

"Basi tuchukue udongo," Shuhei akasema. Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kazi, akachota kwa mikono miwili. Kumiko alifungua kifuko cha kwanza. Nagisa alisoma majina kwa sauti, mmoja mmoja, kama mwalimu anavyoita darasa. Alipofika kwa mama yangu, Shuhei alichota mara mbili.

"Huyu alikuwa na mtoto mdogo," akasema, bila kumwambia mtu hasa.

Kimya cha wiki nne kilikuwa kimya tu. Pale kiligeuka kuwa kitu kingine. Udongo ule haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa ua la hekalu, wenye mizizi na kipande cha kigae, nao ulikuwa unafungwa kwa mafundo ambayo Kumiko aliyafanyia mazoezi.

Nilishuka ngazi mia moja themanini na saba kwa fimbo.

Setsu alikuwa mlangoni kwake, kiti kimeegemea ukuta.

"Huyu nani? Mmeniletea babu yenu mwingine?"

"Ni mimi, Setsu."

"Toku? Umepungua hivyo? Pita, lakini usizibe feni."

Wali wa pweza ulikuwa mzuri, anaupika mkwewe siku hizi, ingawa Setsu anapokea sifa. Nagisa aliambiwa ale vizuri maana miguu yake ni kama ya korongo. Akajibu kwamba korongo hukimbia kuliko pweza. Setsu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaona sinia.

"Hivyo ni nini?"

"Udongo wa kaburi, shangazi," Shuhei akasema. "Mifupa imeyeyuka."

Setsu aliweka vijiti vyake chini. Akaniambia nimsaidie kuleta chai, mimi niliyetembea kwa fimbo. Jikoni akanikamata mkono.

"Hukuwaambia."

"Hapana."

"Wanabeba udongo wa ua kwenda nao Osaka, wakausujudie?"

"Ndiyo."

"Mimi siwi mdomo wako, Toku. Mtoto wako yule amechafua magoti. Umeyaona magoti yake?"

Nilikuwa nimeyaona.

Saa saba na dakika kumi kamili tulikuwa ufukwe wa magharibi. Sikuwa nimekanyaga pale kwa miaka sitini na tisa. Nyasi zimekatwa. Kuna benchi, bango la rangi ya samawati, na bembea ndefu ya mbao inayotazama bahari. Jiwe bapa lenye tundu, ninalolikumbuka tangu siku ya mazishi, bado lipo mahali pake. Nguzo ya kushoto ya bembea iko hatua nne kutoka kwenye jiwe hilo. Mama yangu yuko kati ya hivyo viwili, kichwa upande wa mlima.

Nagisa alishavua viatu. Alikuwa juu, miguu mbele, nywele nyuma, akimwita mama yake ampige picha. Nilimtazama. Nilidhani ningeumia, na nikashangaa kuona siumii. Ila sikutaka ajue.

Kumiko alikwenda na simu yake. Shuhei alisimama kando yangu, akitazama saa.

"Shuhei," nikasema. "Ule udongo si wao. Hawakuwahi kuwa kule juu. Hapakuwahi kuwa na mtu chini ya lile jiwe."

Nikamweleza, kama nilivyoandika hapa Juni 9, kwa maneno karibu yale yale. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia aulize habari za bibi yake.

"Lini ulijua?" akauliza.

"Tangu zamani."

"Yaani ulipokuwa unasoma fomu, ulijua."

"Nilijua."

Aliitazama bahari. "Insha zangu zote za shule, Baba, zilirudi kutoka kwako zimejaa alama. Ratiba yangu ya kwanza kazini, nilikuletea, ukaona dakika moja iliyokosewa kwenye kituo ambacho hukuwahi kushuka. Ulikuwa sahihi. Kila mara ulikuwa sahihi." Alizungumza kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ile fomu ulisema iko sawa. Nilikuuliza tena, ukasema iko sawa. Miaka hamsini na mbili ninayo, na siku ile nilienda nyumbani nikamwambia Kumiko: Baba amesema iko sawa."

Nilichora mchanga kwa fimbo yangu. 

"Bibi yuko wapi hasa?" akauliza baadaye.

Bembea ilikuwa inapita mbele yetu, ikienda na kurudi.

"Sijui," nikasema. "Hapa mahali fulani. Ni miaka mingi."

Najua. Nimeandika hapo juu. Nilisema sijui.

Shuhei alitoa karatasi ya ratiba mfukoni, akachora mstari juu ya mnara wa taa na aiskrimu. Akachukua vifuko vitano kwenye kigari. Kumiko akamuuliza anakwenda wapi, akasema, "Kuurudisha." Akapanda baiskeli.

Nagisa alinung'unika kuhusu aiskrimu. Kumiko alimwambia ajipanguse mchanga vizuri kabla ya kuvaa viatu, kisha akaja kukaa kwenye benchi. Nilimwambia na yeye. 

"Kumbe nilikushonea bure, Bibi," akasema, akiutazama mchanga. Hakuwa anasema na mimi.

Tulimkuta Shuhei gatini robo saa kabla ya feri, amelowa mpaka kwenye mikunjo ya koti. Alikuwa amepanda zile ngazi mbio. Vifuko alikuwa amevisuuza kwenye kisima cha hekalu na kuvikamua, na alivishika mkononi kama leso. Kwenye feri alikaa peke yake upande wa nyuma. Sikumfuata.

Julai 9

Mvua. Shuhei hajapiga simu. Huwa anapiga Jumanne.

Julai 11

Mvua kubwa, mafuriko kusini. Kumiko amepiga kuuliza kama paa linavuja. Halivuji. Nilimuuliza hali ya Shuhei.

"Anafanya kazi, Baba."

"Amekasirika."

"Hajakasirika. Akikasirika huwa anapanga upya kabati la vyombo. Hajaligusa." Kisha akasema, "Vile vifuko nimevipiga pasi. Sijui niviweke wapi."

Julai 14

Nimejaribu kumwandikia barua. Rasimu nne. Ya nne haikuwa na kosa hata moja la lugha, nikaichana.

Julai 15

Nimekumbuka siku ile bila kutaka, nikiosha bakuli. Walimbeba asubuhi, jua kali, majira ya kuvuna ngano. Nilitembea mbele na taa ya karatasi, ingawa ilikuwa mchana. Kisiwa hakikuwa na watu wa kutosha, kwa hiyo mmoja wa wabebaji alikuwa postamasta, na alikuwa bado amevaa kofia yake. Tulirudi kwa njia ya mashamba, nikakatazwa kugeuka nyuma. Mwaka uliofuata baba alinileta Osaka. Alioa tena, amezikwa huku na mke wake wa pili, kaburi zuri, kibaraza cha saruji.

Sikuwahi kugeuka. Nilidhani ndiyo heshima. Sasa naona pia ilikuwa rahisi.

Julai 17

Shuhei hajapiga. Mvua imepungua. Kuvu kwenye jalada la kamusi. Nimelipangusa kwa siki.

Julai 21

Wametangaza asubuhi kwamba mvua ya plamu imekwisha. Nyenze walianza kulia kabla ya tangazo.

Saa nane mchana kengele ililia, nikamkuta Shuhei, peke yake, na tikiti maji chini ya kwapa. Aliingia, akaliweka kwenye sinki, akafungua bomba. Hakutazama saa, au labda sikumwona akitazama.

"Ofisi ya wilaya wameandika," akasema. "Walitoa kibali cha mabaki matano, na hakuna hata moja lililohama. Wanataka maelezo ya maandishi: kwa nini, na mabaki yako wapi. Yakishafika, watafunga jalada. Jiwe fundi ataliondoa mwezi wa nane. Kule jengoni nimewaambia tunahitaji kabati moja dogo tu, la Mama, na lako baadaye."

"Vizuri."

"Nimeandika. Sikutaka kukuletea." Alikaa upande wa pili wa meza, mbali. "Kumiko amesema nikuletee."

Karatasi ilikuwa moja, imechapwa. Aliiweka katikati ya meza, hakuisukuma. Nikavaa miwani.

Ilikuwa imeandikwa vizuri. Alieleza desturi ya makaburi mawili kwa sentensi tano, bila kulaumu wala kupamba, na hakuandika popote kwamba baba yake alijua. Aliandika: "Familia haikuwa na habari." Niliirudia mara mbili. Kisha nikafika kwenye mstari wa mwisho: "Marehemu wote watano walizikwa ufukwe wa magharibi wa kisiwa. Mahali hasa hapajulikani."

Maji yalikuwa yanaendelea kulipiga tikiti. Shuhei alikuwa anatazama dirisha. Nilijua anasubiri neno gani, na nilijua kwamba akilisikia hataliamini, leo wala siku nyingine.

"Kuna makosa mawili," nikasema.

Akageuka.

"La kwanza: 'Familia haikuwa na habari.' Baba alikuwa na habari. Liandike."

"Si lazima, Baba. Ofisi haina haja nalo."

"Lilivyo si kweli. Liandike."

"Na la pili?"

"'Mahali hasa hapajulikani.' Kwa wanne ni sahihi. Kwa bibi yako si sahihi."

Hakuuliza kwa nini nilisema sijui. Nilimwona akipita juu ya swali hilo, kama mtu anavyoruka kidimbwi bila kukitazama. Akainuka, akafunga bomba. Akauvuta mto wake wa kukalia akauzungusha meza mpaka upande wangu, akakaa, bega lake likigusa langu, jambo ambalo hajafanya tangu akiwa shule ya msingi. Akaigeuza karatasi upande usioandikwa, akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akanipa.

"Nionyeshe," akasema.